Kifaranga hahitaji kumenyewa ganda
Kwenye ploti nyingi za Kayole na Ruai, Nairobi, kifaranga akitoboa yai tu, mtu huanza kulimenya ganda "amsaidie". Ni huruma, ila mara nyingi humuua. Karibu na siku ya 21 ya kuatamiwa, baada ya tundu la kwanza, kifaranga anaweza kutulia saa 12 hadi 24. Utadhani amekwama, kumbe anazoea kupumua kwa mapafu, damu ya kwenye utando chini ya ganda ikirudi mwilini na kiini kikiingia tumboni. Ukibandua wakati huo, damu itachuruzika. Mwachie mama yake. Ukimwinua kuku kila mara uchungulie (na watoto wa ploti hawachoki kuchungulia), utando hukauka ukambana kifaranga. Wala usiharakishe chakula: kile kiini humtosha siku mbili hivi.