Je, wajua kwa nini mtunza kumbukumbu akipewa boksi la makaratasi ya mtu hayapangi upya?

Mimi nilikuwa naamini kazi ya kutunza nyaraka ni kupanga tu, yaani unakuta vurugu unaiweka sawa basi. Sasa babu alipofariki kule Tukuyu tukafungua sanduku lake la bati, mle ndani kila kitu kipo, risiti za kahawa za ushirika, stakabadhi za kodi, barua, vyeti vya ubatizo, picha, vyote vimefungwa vifungu vifungu kwa kamba za mgomba. Nikakaa sebuleni siku nzima nikakata kamba zote, nikaweka picha na picha, risiti na risiti, barua na barua. Nilijiona nimefanya bonge la kazi.

Jioni shangazi akaokota picha moja ya vijana wanne wamevaa kofia na makoti, nyuma haina hata neno moja. Nikamuuliza hawa kina nani na hapa ni wapi, akaniambia, "Baba, mmoja ni babu yako, ila mahali sijui. Ilikuwa imefungwa na karatasi gani?" Nikashindwa kujibu. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi za Wenela, wale waliokuwa wanaandikisha watu wa huku kwetu kwenda migodini Afrika Kusini, kulikuwa na barua kutoka Kitwe, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na kulikuwa na vikaratasi vya Mbeya mjini, na picha inaweza kuwa ya kokote huko. Kifungu ndio kilikuwa kinajua, na kifungu nimeshakikata mwenyewe kwa kisu.

Nikampigia dada mmoja tuliyesoma naye Mbeya, kazi yake ni masjala. Akaniambia kwao sheria ya kwanza kabisa ni hiyo, usichanganye makaratasi ya mwenyewe huyu na ya yule, na usivuruge mpangilio aliouacha mwenyewe. Kumbe hii kanuni ni ya zamani, Wafaransa waliiandika kwenye waraka wa serikali mwaka 1841 baada ya kuhangaika na nyaraka zilizokuwa zimepangwa kwa mada, na mwaka 1881 hifadhi ya nyaraka ya Prussia kule Berlin ikaongezea kwamba hata ule mpangilio wa ofisi yenyewe ubaki kama ulivyokuwa. Sababu ni hii, barua moja peke yake inasema kidogo sana, ila ukiona imekaa baada ya barua gani na kabla ya ipi unaelewa mtu alikuwa anamjibu nani na kwa nini.

Ndio maana kwenye ofisi zetu za serikali kila karatasi inayoingia kwenye faili inapigwa namba, wanaita folio. Tuseme wananchi wameandika barua kulalamikia barabara ikawa folio 12, majibu ya bwana mkubwa folio 13, mtu akiichomoa 12 akaipeleka kwenye faili la barabara zote za mkoa basi 13 inabaki kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza mpaka mafaili ya wakati wa Mjerumani, na hayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mtafiti akitaka kujua ofisi ya Iringa au Langenburg, wilaya ya Wajerumani ya huku kwetu Tukuyu, ilikuwa inafikiria nini enzi zile anafuata mafaili ya ofisi ile ile kama yalivyoachwa.

Sasa utauliza mbona maktaba wanapanga kwa mada? Kwa sababu kitabu kinajitambulisha chenyewe, kina jina, mwandishi, mwaka, na nakala zake zipo kwingine. Mkutubi anachofanya ni kukipa anwani. Ule mfumo wa namba alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 ndio bado upo kwenye maktaba nyingi, ukitaka kitabu cha kilimo cha viazi mviringo unaenda 635.21, historia ya Tanzania 967.8, na namba hizo ni zile zile uwe Mbeya, Iringa au London. Karatasi ya babu haina nakala popote duniani na haijitambulishi. Utambulisho wake wote ni pale ilipokaa na nani alikuwa nayo.

Mfano unaoniuma zaidi uko hapo Kalenga, Iringa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipokufa mwaka 1898 Wajerumani walichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika kabisa, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani irudishe fuvu ndani ya miezi sita. Halikurudi. Mpaka mwaka 1953 Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, anafika kwenye jumba la makumbusho la Bremen anakuta mafuvu yapatayo 2000, ikabidi watafute kwa vipimo vya kulinganisha na ndugu wa Mkwawa walio hai, wakaangalia na lenye tundu la risasi, ndio likachaguliwa lililorudi mwaka 1954 ambalo unaliona leo pale Kalenga. Fikiria, binadamu, tena mtawala aliyepigana miaka yote ile, anatafutwa kwa rula kwa sababu hakukuwa na maandishi ya uhakika ya kuonyesha lipi ni lake. Kuhifadhi kitu bila kuandika kimetoka wapi na kwa nani ni kukipoteza huku umekishika mkononi.

Karatasi yenyewe nayo ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Ukipita Mufindi unaona ile misitu ya misindano ya Sao Hill, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kipo huko huko, mti ndio karatasi. Ndani ya mti kuna kitu kama gundi kinachoshikilia nyuzi zake, kinaitwa lignini, na kikikaa kwenye mwanga na hewa kinageuka njano halafu kahawia. Karatasi za gazeti zinasagwa na lignini yake humo humo, ndio maana gazeti la juzi ulilosahau dirishani limeshageuka rangi. Zile za daftari nzuri wanaitoa karibu yote kwa kemikali, zinadumu. Halafu karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1800 katikati kuja huku ziliwekewa dawa ya kuzuia wino usisambae na dawa ile ina tindikali, inakata nyuzi pole pole mpaka ukikunja kona inavunjika kama chapati kavu.

Tukuyu shida kubwa ni unyevu, mvua hazikatiki na ukungu unaota hata kwenye viatu. Wazee wengi waliweka makaratasi darini juu ya jiko pamoja na mahindi, na ni kweli moshi unafukuza wadudu, ila moshi una tindikali pia na unaipaka karatasi masizi. Yule dada alinishauri niweke kwenye bahasha safi ndani ya boksi, boksi likae juu ya rafu, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na ukuta wa nje unaolowa, chumba cha katikati ya nyumba ndio kizuri. Selotepu marufuku, gundi yake inaingia kwenye karatasi na doa halitoki. Rababendi inayeyuka inang'ang'ania. Laminesheni nayo usifanye kwa kitu cha asili, ile plastiki iliyoyeyushwa kwa moto huitoi tena. Na ukiandika chochote tumia penseli.

Picha za kwenye simu ndio usiseme, zote zinaitwa IMG na tarakimu, simu ikizama mtoni zimeenda. Mimi sasa hivi nikipiga picha ya familia nabadilisha jina la faili hapo hapo, naandika nani, wapi, lini, halafu naweka nakala sehemu mbili.

Kuhusu pini yule dada wa masjala akaniambia nizitoe zote maana zinashika kutu, ila kabla ya kutoa niangalie ilikuwa inashikanisha nini na nini. Hapo nikakumbuka ile picha ina doa dogo la kutu kona ya juu, matundu mawili. Nikapitia karatasi moja moja usiku ule mpaka saa saba, nikakuta karatasi ya Wenela ya mwaka 1957 ina doa lile lile, matundu yale yale, ukiweka juu ya picha yanakaa sawa sawa.

Asubuhi nikampelekea shangazi. Akaishika muda mrefu halafu akaanza kutaja, huyu babu yako, huyu wa Kiwira, huyu alimuoa dada yake babu. Nikaandika kwa penseli juu ya bahasha. Wa nne hamkumbuki, nikaacha mstari wazi.