Foklifti ya Mkono Mrefu: Yanayosemwa Mjengoni na Ukweli Wake

Kwenye mijengo ya Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, foklifti ya mkono unaorefuka, ambayo maopereta huiita telehendla, hupandisha mawe na saruji hadi ghorofani. Maneno yanayoizunguka ni mengi, na mengine ni ya hatari.

"Imeandikwa tani 4, basi inabeba tani 4."
Inabeba tani hizo mkono ukiwa umerudishwa ndani, mzigo ukiwa karibu na magurudumu ya mbele. Kadiri unavyousogeza mbele ndivyo uwezo unavyopungua, na baadhi ya mashine za ukubwa huo, mkono ukinyooshwa mbele hadi mwisho, hubaki na chini ya tani moja. Paleti yenye mifuko 40 ya saruji, kilo 50 kila mfuko, ni tani 2. Karibu na mashine ni mzigo mwepesi. Ukitaka kuifikisha kwenye slabu iliyo ng'ambo ya mtaro, magurudumu ya nyuma yanaweza kuinuka. Uzoefu wa opereta hauchukui nafasi ya chati ya mizigo iliyo ndani ya kebini, inayoonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali. Ukitoa uma ukafunga ndoano au ndoo, chati nayo ni nyingine. Tena mawe ya kujengea ya Ndarugo yaliyonyeshewa usiku kucha ni mazito kuliko yale ya jana mchana.

"Ikianza kulala mbele, shusha mkono haraka."
Hapa ndipo ninapobishana na mafundi zaidi. Mkono uliorefushwa juu ukiushusha, mzigo haushuki wima: unazidi kwenda mbele, mbali na mashine, na kuivuta zaidi. Kwanza rudisha mkono ndani, kisha shusha. Mashine nyingi za kisasa zikifika kikomo hukataa kushusha na kurefusha, zikaruhusu kurudisha. Asiyejua hudhani imeharibika, akaanza kutafuta swichi ya kuzima kinga hiyo!

"Kuna hatari? King'ora kitalia."
Kwa kawaida king'ora hicho hupima kuanguka mbele. Kuanguka upande hakipimi. Fikiria mzigo ulio mita 15 juu: mashine ikiinama pembeni kwa nyuzi 3 tu, mzigo huo umehama karibu sentimita 80. Kwenye udongo mweusi wa South C au Embakasi, ambao hulainika mvua ikinyesha, gurudumu moja kuzama ni jambo la dakika chache. Kwa hiyo sawazisha mashine kabla ya kuinua, ukitazama kipimo cha usawa; angalia upepo wa tairi; kama kuna miguu ya kuegemea, iwekee mbao imara chini. Na usiendeshe mzigo ukiwa juu, hata kwa hatua kumi.

"Fundi asimame kwenye paleti apandishwe, ni mara moja tu."
Hapana. Mtu hupandishwa kwa jukwaa lililotengenezwa kwa ajili ya watu na kwa ajili ya mashine hiyo. Wale wanaokalishwa nyuma ili kuongeza uzito, nao washuke.

"Mashine yangu mwenyewe, ukaguzi wa nini?"
Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitambo ya kuinulia ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Haijali iwe yako au ya kukodi.

"Ikianguka, ruka."
Wanaoruka ndio wanaobanwa na fremu ya kebini. Funga mkanda tangu mwanzo, shikilia usukani kwa nguvu, baki ndani.