Gitaa la Besi Likishatyuniwa, Bado Halijasetiwa

Wapiga besi wengi wanaoniletea magitaa hapa Arusha, wawe wa bendi za hotelini au wa kwaya za makanisani, hulalamikia jambo moja, nalo ni kwamba besi inapishana na kinanda. Nikishauri gitaa lisetiwe, yaani shingo, daraja na nyuzi zirekebishwe ili kila noti itoke sawa, najibiwa kwamba tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi, inawaka kijani kwenye nyuzi zote nne, hivyo kumlipa fundi ni kutupa fedha. Dhana hii inanichosha kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tyuna hupima uzi ulio wazi, yaani usiobonyezwa. Ikikuonyesha E ya takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), A ya 55, D ya 73 na G ya 98, imemaliza kazi yake. Mpiga besi, hata hivyo, hutumia muda mwingi akibonyeza, na kila uzi unapobonyezwa huvutwa kidogo, sauti ikapanda kupita pale freti, kile kijiti cha chuma kilicholala kukingama shingo, ilipokusudia, hasa ikiwa nyuzi zimekaa juu mno. Ndiyo maana kile kipande cha chuma kinachobeba uzi darajani, kule nyuzi zinakoishia kwenye mwili wa gitaa, kina skrubu ya kukisogeza nyuma, ili urefu wa uzi ufidie huko kuvutwa. Uzi wa E, kwa kuwa ni mnene na mgumu, kwa kawaida huhitaji kipande chake kikae nyuma kuliko cha G. Nikikuta vipande vyote vinne vimejipanga sambamba kama askari wa gwaride, huwa sina haja ya kuuliza kama gitaa limewahi kusetiwa.

Kila mtu anaweza kulipima gitaa lake nyumbani. Tyuni uzi wa E, kisha ubonyeze freti ya 12, ambapo E hurudi ikiwa na hezi maradufu, bila kukandamiza kupita kiasi. Tyuna ikionyesha kwamba sauti imepanda kwa senti 20, yaani moja ya tano ya nusu toni, gitaa linatoa hezi 83.4 wakati kinanda kinatoa 82.4. Tofauti ya hezi moja yaonekana si kitu, lakini sauti hizo mbili zikikutana huvuma kwa kupanda na kushuka karibu mara moja kila sekunde, na mwalimu wa kwaya, asiyejua chanzo chake, huishia kuwakemea waimbaji wa sauti ya nne ambao hawana kosa. Kama freti ya 12 iko sawa lakini ya kwanza imepanda, tatizo liko kwenye kile kipande chenye vijia vya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa: vijia havijachimbwa vya kutosha, na hakuna kusogeza kwa darajani kutakakoponya hilo. Hapo hutumika tupa nyembamba, kidogo kidogo, kwa sababu kijia kikizidi kina, uzi wazi utakwaruza freti na kipande hicho itabidi kibadilishwe.

Wapo pia wanaoamini kwamba fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ni ya kushusha nyuzi, nao huikaza mpaka shingo inapinda kinyumenyume. Kazi ya fimbo hiyo ni kudhibiti mpindo wa shingo tu. Uzi ukibonyezwa kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, pengo la takriban milimita 0.3 juu ya freti ya 8 linatosha. Kimo cha nyuzi juu ya freti hupangwa darajani baadaye, nami huanzia milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E kwenye freti ya 12. Fimbo izungushwe robo mzunguko, isikilizwe, ndipo izungushwe tena. Ikigoma, acha!

Kwamba gitaa jipya halihitaji fundi, hilo nalo si kweli. Mbao za shingo hunywa unyevu na kuutoa, kwa hiyo gitaa lililokaa Kariakoo kwenye joto la pwani likipanda basi kuja huku wakati wa kiangazi, mara nyingi shingo hunyooka na nyuzi huanza kukwaruza. Kwa sababu hiyo hiyo, kuseti mara moja hakutoshi maisha yote. Lipime masika yanapoanza na yanapoisha. Nalo gitaa la bei rahisi ndilo linalofaidika zaidi, kwani kiwandani halikupewa muda.

Kuchemsha nyuzi huondoa jasho na uchafu, ila hakurudishi uzi uliolika kwenye freti, na uzi wa namna hiyo hausetiki.

Sisemi mtu alipie kila kitu. Kusogeza vipande vya darajani ni kazi ya spana ndogo na subira, na kila mpiga besi aijue. Mlipe fundi kwa vijia, kwa freti zilizolika na unapobadili unene wa nyuzi, kwa kuwa mvuto juu ya shingo hubadilika. Kama shingo imejipinda kama parafujo, mwulize kwanza iwapo itatengenezeka, kabla hujatoa fedha. Na ukija kwangu, njoo na seti nzima ya nyuzi mpya utakazozitumia, si uzi mmoja, na uniambie mapema kama bendi yenu hutyuni nusu toni chini, kwa sababu gitaa lililosetiwa kwa E halitakaa sawa kwa E flati.