Kicheza Muziki cha Mfukoni: Maana na Matumizi Yake

Kicheza muziki cha kidijitali cha mfukoni, ambacho wengi hukiita MP3 kwa kifupi, ni kifaa kidogo kinachohifadhi muziki ndani yake katika umbo la mafaili na kuupiga bila kuhitaji mtandao, laini ya simu wala kanda ya kubadilisha. Ndani yake mna kumbukumbu inayotunza mafaili, kichakataji kinachoyafumbua na kuyarudisha kuwa sauti, amplifaya ndogo inayoipa sauti hiyo nguvu ya kusukuma spika za masikioni, na betri ya kuchaji. Kioo, redio na Bluetooth ni nyongeza. iPod shuffle ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2005, haikuwa na kioo kabisa, na bado ilikuwa kicheza muziki kamili.

Kinachokitofautisha na vifaa vinavyofanana nacho ni kwamba muziki wenyewe umo ndani. Simu inayopiga wimbo kutoka mtandaoni haina wimbo huo. Inaupokea kipande kwa kipande, na bando likiisha wimbo unakatika. Walkman ya kaseti, ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1979, nayo ilibebeka, lakini muziki ulikuwa kwenye kanda, si kwenye mashine, na aliyetaka kusikiliza albamu tano safarini alibeba kanda tano.

Ili muziki uingie katika kumbukumbu ndogo ilibidi kwanza ubanwe, na hapa ndipo palipo kiini cha dhana nzima. Katika CD sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Ukizidisha, dakika moja ya muziki inachukua zaidi ya MB 10. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walitafuta njia ya kupunguza mzigo huo kwa kuchunguza jinsi sikio linavyofanya kazi. Sikio halipokei kila kitu kwa usawa. Zumari ikipulizwa kwa nguvu, sauti ndogo ya filimbi yenye kimo kinachokaribiana nayo haisikiki, ingawa imo hewani na maikrofoni imeinasa. Mfumo wa MP3 hupima ni sauti zipi zimefunikwa namna hiyo katika kila kipande kifupi cha wimbo, kisha huzitengea biti chache au huziacha kabisa. Kiwango rasmi cha mfumo huo kilichapishwa mwaka 1993, na jina la mafaili yake, lenye herufi mp3 mwishoni, lilichaguliwa Julai 1995. Kwa kipimo kilichozoeleka siku hizo cha biti 128,000 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakaa katika nafasi isiyofika MB 1, yaani takriban sehemu moja kati ya kumi na moja ya ile ya CD.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini vifaa hivi vilitokea wakati ule na si mapema zaidi. MPMan F10 ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, iliyoingia sokoni mwaka 1998, ilikuwa na kumbukumbu ya MB 32. Muziki usiobanwa ungeijaza kwa dakika tatu. Uliobanwa uliijaza kwa takriban nusu saa. Nyimbo mbili za taarabu za dakika kumi na tano kila moja, na kifaa kimejaa. Oktoba 2001 Apple ilitambulisha iPod yenye diski ndogo ya GB 5, iliyotosha nyimbo elfu moja, kwa dola 399 za Marekani. Baadaye kumbukumbu za flashi zilishuka bei, diski zinazozunguka zikaachwa, na leo memori kadi ya GB 16, ambayo haizidi ukucha wa kidole gumba, inabeba zaidi ya saa 270 za muziki kwa kipimo kile kile.

Kukimiliki kifaa ni jambo moja, na kuumiliki muziki uliomo ni jambo lingine. Mwaka 1998 chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kilikwenda mahakamani kuzuia Rio PMP300, kicheza cha kampuni ya Diamond. Juni 1999 mahakama ya rufaa ilikataa ombi hilo, ikaeleza kwamba kifaa kile kinampa mtu nafasi ya kutembea na nakala za mafaili ambayo tayari anayo kwenye kompyuta yake, kwa matumizi yake binafsi. Uamuzi huo uliyapa makampuni mengine ujasiri wa kuendelea. Kufuli hazikukosekana hata hivyo: nyimbo zilizouzwa na iTunes, duka la mtandaoni la Apple, lilipofunguliwa mwaka 2003 zilifungwa ili zipigike katika vifaa vilivyoruhusiwa tu, na kufuli hizo ziliondolewa kwenye nyimbo mwaka 2009. Programu za kusikiliza kwa ada ya mwezi zimezirudisha kwa namna nyingine, kwa kuwa wimbo “uliopakuliwa” humo hupigika ndani ya programu hiyo peke yake, na ada ikikoma haupigiki tena. Wimbo wa aina hiyo huwezi kuunakili kwenye kicheza cha kawaida. Kwa hiyo anayetaka kununua kifaa hiki ajiulize kwanza mafaili yatatoka wapi: CD zake mwenyewe, maduka ya mtandaoni yanayouza mafaili yasiyofungwa, au rekodi alizofanya au kupewa na wenyewe. Vibanda vya kuweka nyimbo kwenye flashi vinajaza memori kadi kwa dakika chache, lakini mwanamuziki aliyeutolea jasho wimbo ule hapati chochote, na mimi naona hilo si jambo dogo.

Matumizi ya kila siku yanategemea sana mpangilio wa mafaili, na hapa ndipo watumiaji wengi hukata tamaa bila sababu. Tuseme mtu ameweka sura zote 114 za Qurani, na mafaili ameyaita 1, 2, 3 hadi 114. Vicheza vingi vinavyopanga kwa majina husoma herufi baada ya herufi, si thamani ya namba, na hivyo baada ya 1 huja 10, kisha 100, kisha 101, na sura ya pili inasubiri mbali sana. Mafaili yakiitwa 001, 002 na kuendelea, mpangilio unakuwa sawa. Vicheza vya bei ya chini, hasa vile vya kubana kwenye shati visivyo na kioo, mara nyingi havitazami majina kabisa. Hupiga mafaili kwa kufuata yalivyotangulia kuandikwa kwenye kadi. Ukiongeza leo sehemu ya kwanza ya mawaidha uliyokuwa umeisahau, itapigwa ya mwisho. Dawa yake ni kufuta folda hiyo na kunakili upya faili moja baada ya jingine kwa utaratibu unaoutaka.

Vyenye kioo, kama vile vya familia ya Sansa Clip ya SanDisk, hutegemea zaidi taarifa zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe: jina la mwimbaji, la albamu na namba ya wimbo. Jina la faili linaweza kuwa sahihi huku taarifa za ndani zikiwa ovyo. Nyimbo zilizopakuliwa ovyoovyo huwa na jina la tovuti mahali pa mwimbaji, na matokeo yake kifaa kinaonyesha “mwimbaji” mmoja mwenye nyimbo mia mbili za watu tofauti. Zipo programu za bure za kompyuta, Mp3tag ikiwa mojawapo, zinazosahihisha taarifa hizo kwa mafaili mengi kwa mkupuo, na kazi hiyo ya jioni moja hukipa kifaa thamani zaidi kuliko kununua kingine cha ghali.

Memori kadi nayo itazamwe. Vicheza vingi vya zamani husoma kadi zisizozidi GB 32. Sokoni pia zimo kadi za bandia zilizoandikwa GB 64 huku uwezo wake wa kweli ni mdogo sana. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yaliyozidi uwezo huo hayapigiki. Kadi mpya ijazwe mara moja na mafaili ya mwisho yapigwe kabla ya kuiamini. Ikiwa kifaa kina redio ya FM, waya wa spika za masikioni ndio antena yake, kwa hiyo ukiuchomoa redio nayo inapotea, si hitilafu.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unapungua kwa nusu. Hatari kubwa iko kwenye daladala na barabarani, ambako kelele za nje humfanya msikilizaji apandishe sauti bila kujua amefika wapi. Spika zinazoziba sikio vizuri humwezesha kusikia kila kitu kwa sauti ya chini, lakini zisivaliwe wakati wa kuvuka barabara.

Mara nyingi betri huchoka kabla ya sehemu nyingine, na kifaa kikiwekwa kando kwa miezi kadhaa ni vema kikae na chaji ya takriban nusu. Apple ilitangaza mwisho wa iPod tarehe 10 Mei 2022, lakini zile za diski bado zinatengenezwa na mafundi wanaoitoa diski iliyochoka na kuweka memori kadi pamoja na betri mpya. Baada ya matengenezo hayo kifaa hurudi kikiwa kitupu, na mwenyewe hukijaza tena kutoka kwenye nakala aliyoitunza katika kompyuta au diski ya nje.