Utata katika sheria ya jinai: mahakama inavyosoma vifungu vya wizi wa kimabavu

Wengi wamesikia kwamba sheria ya jinai yenye utata husomwa kwa faida ya mshtakiwa, wakadhani wakili akionyesha tu kuwa neno lina maana mbili basi kesi imekwisha. Sivyo. Faida hiyo huja mwisho, baada ya jaji kujaribu njia nyingine zote zikagoma. Nachukua mfano wa Kenya, Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, kwa sababu vifungu vyake vya wizi wa kimabavu vimewatoa majaji jasho kweli kweli.

Kifungu cha 295 kinasema kosa hili ni kuiba na, wakati huohuo au punde tu kabla au baada, kutumia nguvu au kutishia kuzitumia, dhidi ya mtu au mali, ili kukipata kitu au kubaki nacho. Chini ya 296(1), adhabu haizidi miaka 14. Kifungu cha 296(2) kinaipandisha hadi kifo endapo mwizi ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake hata mmoja, au amemjeruhi, amempiga au amemtumia mtu nguvu nyingine yoyote.

Jaji huanza na viunganishi. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Johana Ndungu (1996), ilishika lile "au": hali tatu, yoyote ikithibitishwa inatosha. Mawakili waliendelea kudai zote zithibitishwe kwa pamoja, na Dima Denge Dima (2013) ikawajibu vilevile. Kwa hiyo vijana wawili wakimtisha mpita njia na kuchukua simu yake, bila kisu wala kofi, tayari wako ndani ya 296(2). Ila upande wa mashtaka usiruke 295: wizi wenyewe na nguvu au tishio huthibitishwa kwanza. Kuwa wawili peke yake si kosa.

Maneno ya kifungu kimoja yakishaeleweka, jaji hukiweka kando ya vifungu vingine. Hapo ndipo patamu. Kifungu cha 297(2) kinaadhibu kwa kifo jaribio la wizi huu lenye mojawapo ya hali hizo tatu. Kifungu cha 389, kinachohusu majaribio ya makosa kwa jumla, kinasema kosa lenye adhabu ya kifo likijaribiwa tu, kifungo kisizidi miaka 7. Katika Evanson Muiruri Gichane (2010), Mahakama ya Rufaa iliona vifungu hivyo vinagongana, ikampa mrufani adhabu nyepesi. Mwaka uliofuata, katika Boniface Juma Khisa, mahakama hiyohiyo ikakataa: hakuna mgongano.

Mimi naona Khisa ndiyo iliyosoma sawasawa, ingawa matokeo yake ni mazito. Kifungu cha 389 chenyewe kina sharti: kinatumika "kama hakuna adhabu nyingine iliyowekwa". Kwa jaribio la wizi wa kimabavu, imewekwa. Sharti likiondoa mgongano, shaka ya kumfaidi mshtakiwa inakuwa haipo tena. Anayeandika rufaa ya aina hii atafute kwanza maneno kama "isipokuwa", "bila kuathiri" na "kama hakuna". Hoja nyingi za utata hufia hapo.

Lakini kuna utata ambao hakuna usomaji unaouponya. Linganisha tena: nguvu za 295 na "nguvu nyingine yoyote" ya 296(2). Kofi moja wakati wa kupora mkoba linaangukia wapi? Kote kuwili. Kitendo kilekile kinaweza kuwa cha miaka 14 au cha kitanzi, kutegemea kifungu kipi kimeandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mwaka 2016, katika kesi ya Joseph Kaberia Kahinga na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 295, 296 na 297 havitenganishi makosa haya kwa usahihi ambao Katiba inautaka. Haikujaribu kuvinyoosha kwa tafsiri, wala haikuvifuta papo hapo. Ilisimamisha tamko lake kwa muda ili sheria irekebishwe.