Ubongo hujifunzaje? Maswali ya wazazi wa Kondele

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kondele, Kisumu. Maswali haya huulizwa karibu kila boma ninalotembelea.

Mwanangu ana kichwa kidogo kuliko wenzake. Atakuwa mzito darasani?

Si lazima, mama. Ukubwa wa ubongo peke yake hauamui akili. Tembo ana seli za neva, yaani chembe zinazopashana habari mwilini, zipatazo bilioni 257, sisi tuna kama bilioni 86. Nyingi za tembo ziko sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoratibu mwendo. Nyuki naye ana takriban milioni moja tu, lakini hujifunza ni ua gani lenye utamu, hukumbuka njia ya mzingani, kisha huwaelekeza wenzake kwa kucheza. Mwanasayansi Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na kuifasiri ngoma hiyo ni sehemu ya kazi iliyompa heshima hiyo. Hata hivyo, muuguzi akipime kichwa cha mtoto kliniki. Kikiwa kidogo mno au hakikui, achunguzwe.

Mtu akijifunza, ndani ya ubongo hutokea nini?

Seli za neva hupashana habari pale zinapokutana. Njia inayotumika kila mara huimarika, kama kile kijia cha kwenda ufuoni Dunga: akina mama wakikipita kila alfajiri kufuata samaki, nyasi haioti. Wakikiacha, kinafunikwa.

Mwanasayansi Eric Kandel, aliyeshiriki Nobel ya mwaka 2000, alilithibitisha hilo kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva kama 20,000. Akiguswa taratibu tena na tena, huzoea, haogopi tena. Akipigwa shoti ya umeme mkiani, hujikunja hata kwa mguso mdogo. Na mafunzo yakigawanywa kwa siku kadhaa, konokono hukumbuka kwa wiki nyingi, kwa sababu seli zake huota viungio vipya.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tunamkesheza mtoto usiku kucha kabla ya mtihani, ilhali usingizi ndio unaokaza alichosoma. Nusu saa kila jioni, kisha alale, itamfaa zaidi.

Kuna mnyama asiye na ubongo anayejifunza?

Yupo. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba aina moja ya yavuyavu, mnyama laini wa baharini mwenye mafundo ya neva tu karibu na macho, hujifunza kukwepa vizuizi baada ya kugonga mara chache.

Kijana wangu alipata degedege ya malaria mwaka jana. Siku hizi anasahau sana. Majirani wanasema amerogwa, mwalimu anasema ni mvivu.

Hajarogwa wala si mvivu, na inaniuma kila nikisikia mtoto kama huyu amechapwa. Katika malaria kali, vimelea huziba mishipa midogo ya damu ubongoni, seli zikakosa hewa na sukari. Baadhi ya watoto hupona homa lakini hubaki na shida ya kumbukumbu, umakini au usemi, wengine kifafa. Mpeleke kwa daktari, kisha umweleze mwalimu yaliyompata. Ubongo wa mtoto bado unajenga njia mpya, kwa hiyo mazoezi mafupi ya kila siku humsaidia.

Homa ikimrudia, apimwe siku hiyo hiyo, na neti ishushwe kila usiku. Huyo mdogo wake naye, kagua kijitabu chake cha kliniki. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, ni dozi 4, ya kwanza akiwa na miezi 6. Ukiona nafasi tupu, njoo naye Jumatatu.