Mashine ya kufyonza vumbi inanuka mbwa au paka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna harufu inayotokea pale tu mashine inapowashwa. Zulia halinuki, mbwa yuko uani, lakini ukivuta vumbi kwa dakika mbili sebule nzima inajaa uvundo wa manyoya mabichi. Wenye paka wanaijua harufu kali zaidi, ile inayochoma pua. Hapo ndipo watu wanapokimbilia marashi, udi, nafthalini, au duka la kununua mashine mpya. Ushauri mwingi unaozunguka juu ya jambo hili unapambana na harufu na kukiacha kinachonuka mahali pake, na sehemu ya ushauri huo inaweza kumdhuru mtoto au mnyama mwenyewe. Ndiyo maana nimeona niuchambue.

Unywele mkavu wa mbwa peke yake haunuki sana. Kinachonuka ni ulichobeba: mafuta ya ngozi, mba, mate, matope, chembe za mkojo uliokauka. Vyote hivyo ni chakula cha bakteria, na bakteria wakipata unyevu kidogo wanakula na kutoa gesi zenye harufu. Sasa mashine inavuta hewa kwa nguvu, inaipitisha katikati ya shehena hiyo, inaipitisha kwenye mota yenye joto, kisha inaipuliza chumbani. Hewa yenye joto husafirisha harufu vizuri kuliko hewa baridi. Kwa hiyo mashine haitengenezi harufu, inaieneza tu.

“Mfuko haujajaa, wa nini kuubadilisha?”

Kwa nyumba isiyo na mnyama, sawa, subiri ujae. Kwa nyumba yenye mnyama, kiasi si hoja. Hoja ni muda. Mfuko uliojaa robo na kukaa wiki kadhaa ndani ya kabati lisilopitisha hewa, Mombasa au Tanga au Muscat wakati wa joto, umeshakuwa shamba la bakteria. Toa uchafu mapema. Kama mashine yako haina mfuko bali ina kikombe cha plastiki, kimwage kila unapomaliza kazi, tena nje ya nyumba, na ukioshe mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mafuta ya ngozi ya mbwa huganda kwenye kuta za plastiki, na kukung’uta peke yake hakuyaondoi.

Usiishie kwenye kikombe. Ipindue mashine uitazame ile brashi inayozunguka: manyoya yamejiviringisha humo pamoja na nyuzi na nywele za watu, yamekaza kama kamba, na katikati yake kuna uchafu wa tangu siku ya kwanza. Pitisha mkasi kwa urefu wa brashi, kata, vuta. Kisha kagua mpira wa kuvutia hewa. Watu wengi huosha kila kitu wakausahau mpira, kumbe furushi la manyoya limenasa kwenye kona yake.

“Hii ina HEPA, haiwezi kutoa harufu”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi, kwa sababu wanainunua dukani. Chujio la HEPA ni kitu kizuri kweli. Kwa kipimo cha Marekani linapaswa kuzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3. Kwa mwenye pumu au mzio wa paka, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini harufu si vumbi. Harufu ni molekuli za gesi, na molekuli ya amonia, ile ya mkojo, ni ndogo kuliko chembe hiyo takriban mara elfu moja. Inapita kwenye HEPA bila kizuizi.

Kinachoshika gesi ni mkaa maalumu uliochomwa na kutayarishwa ili uwe na vitundu vingi mno, ambamo molekuli hunata. Baadhi ya mashine na mifuko huja na tabaka la mkaa huo. Linasaidia, ila vitundu vikishajaa, basi. Hauoshwi ukarudi kuwa mpya, unabadilishwa. Muuzaji akikuambia chujio lake linaondoa harufu, muulize kama lina mkaa, na kama linapatikana la kubadilishia. Mkaa wa jikoni usiujaribu. Utaleta vumbi jeusi tu.

“Osha chujio, lirudishe, umemaliza”

Kwanza, si kila chujio linaoshwa. La sponji huoshwa. La karatasi ukililowesha umeliharibu. Soma kitabu cha mashine au alama iliyo kwenye chujio lenyewe. Pili, na hapa ndipo penye kosa, chujio lililooshwa lazima likauke kabisa. Watengenezaji wengi wanataka saa 24 nzima, na wakati wa masika mimi ningeongeza siku nyingine. Chujio linaweza kuwa kavu juu na bichi katikati. Ukilirudisha hivyo, vumbi litanata, ukungu utaota, na baada ya siku chache utakuwa na harufu mbaya kuliko ile uliyoanza nayo. Lianike penye upepo, usiliweke jikoni kwenye moto wala kwenye maikrowevu. Mwenye uwezo anunue machujio mawili, moja likianikwa lingine lifanye kazi.

“Nyunyiza bikaboneti kwenye zulia kisha fyonza”

Kuna ukweli nusu. Bikaboneti ya soda, ile ya keki, hutuliza harufu zenye asili ya asidi, kama za jasho na mafuta yaliyochacha. Amonia si asidi, kwa hiyo kwenye mkojo uliochacha haifui dafu. Halafu unga wake ni laini mno: huziba chujio, hupunguza nguvu ya kuvuta, na ikiwa mfuko si mzuri hupenya hadi kwenye mota. Ukiipenda, koroga kijiko kimoja katika maji ya kuoshea kikombe, suuza, kausha. Na usidhani ni kitu kimoja na magadi ya kuivishia maharage. Yale yana ukali zaidi na yanaweza kuharibu rangi ya zulia.

“Tupia kidonge cha nafthalini ndani ya mfuko”

Hapa naomba msomaji asikilize. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia nondo, watu huvitia kwenye mfuko wa mashine kwa sababu mbili: vifunike harufu ya mbwa, na viue viroboto waliofyonzwa. Nafthalini hugeuka mvuke. Ukiiweka mbele ya feni yenye joto umeifanya mashine yako kuwa kipulizia sumu, na wanaoivuta zaidi ni mtoto anayetambaa na mnyama anayelala sakafuni.

Kwa watu wa kwetu hatari ina uzito wa ziada. Mvuke wa nafthalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng’enya (protini inayochochea kazi za kikemikali) kinacholinda chembe hizo, hasa mtoto mchanga. Upungufu huo ni wa kurithi na umeenea zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Wengi wanao bila kujua.

Na viroboto? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kufyonzwa kwenyewe kuliua asilimia 96 ya viroboto wakubwa, na wale wachanga wote. Brashi na msukosuko wa hewa vinawamaliza. Sumu ya kuongeza haina kazi.

“Matone ya mafuta mazuri, au pulizo la pafyumu”

Mafuta ya karafuu ni fahari ya Pemba, na ya mikaratusi hufungua kifua cha mwenye mafua. Lakini ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali za aina hii, hivyo hujilimbikiza mwilini mwake, na paka hulamba manyoya yake mchana kutwa. Kilichopulizwa hewani kikatua juu yake kinaishia tumboni. Ama pafyumu ya kopo, gesi inayoisukuma huwaka moto, na mota za mashine nyingi za waya hutoa cheche ndani. Usiipulize kwenye mashine inayozunguka.

Udi una heshima yake na siuondoi sebuleni kwa mtu yeyote. Fukiza baada ya kusafisha. Ila majivu ya chetezo yasifyonzwe kamwe: kaa dogo linaweza kubaki hai chini ya majivu kwa saa nyingi, na mfuko uliojaa manyoya makavu hauhitaji zaidi ya hilo kushika moto.

“Mkojo wa paka uwahi kuufyonza, kisha pitisha jiki”

Makosa mawili kwa mpigo. Mashine ya kawaida ni ya uchafu mkavu. Maji ndani yake ni hatari ya shoti, na yakifika kwenye chujio na mpira harufu haitoki tena. Kandamiza mkojo kwa taulo au karatasi mpaka isivute zaidi. Nayo jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke unaounguza koo na mapafu. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini. Chagua siki peke yake iliyozimuliwa kwa maji, au dawa yenye vimeng’enya inayouzwa maduka ya wanyama. Vimeng’enya ndivyo vinavyovunja fuwele za asidi ya mkojo, ambazo maji na sabuni huziacha zikisubiri unyevu unaofuata ili zinuke upya.

Mkojo wa paka una siri nyingine. Mwaka 2006 Masao Miyazaki na wenzake huko Japani walieleza protini iitwayo kauksini, inayoratibu utengenezaji wa kemikali iitwayo felinini katika mkojo wa paka. Felinini yenyewe haina harufu kali, lakini ikivunjika polepole hutoa kemikali za salfa. Ndiyo sababu doa linanuka zaidi kesho kuliko leo, na ndiyo sababu paka shume asiyehasiwa anashinda wote kwa kunuka. Fyonza mahali hapo baada tu ya dawa kufanya kazi na zulia kukauka.

Harufu ya kuungua ni habari tofauti kabisa. Chomoa waya mara moja. Mara nyingi ni mkanda wa mpira unaoteleza kwa sababu brashi imekabwa na manyoya.

Lililobaki ni lile la “paka ananikomoa”. Paka aliyezoea mchanga wake akaanza ghafla kukojoa zuliani huenda ana maumivu ya kibofu. Akiwa dume, naye anajikamua mara kwa mara na hakuna kinachotoka, njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba, na hilo huua ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, zulia litasubiri.